Kimeenda

Mwanzoni mwa 2018 malori ya serikali yalileta vitabu shuleni kwetu. Wizara ya Elimu ilikuwa imeanza kununua vitabu vya kiada na kuvituma moja kwa moja hadi shule za upili, badala ya kutuma pesa kila shule ijinunulie. Kila mtoto na kitabu chake cha Hisabati, cha Kiswahili, cha Kemia. Sina neno baya juu ya mpango huo. Mimi nilisoma enzi za watoto watano kwa kitabu kimoja, na ukiketi pembeni ulisoma nusu ya kila mstari, nusu nyingine unabahatisha. Lakini vitabu navyo huhitaji pa kulala, na shule yetu, ya mseto, nusu bweni nusu kutwa, huku Makueni, haikuwa na stoo ya maana. Basi vikapelekwa maktaba. Katoni zikapangwa toka sakafuni hadi kwenye dirisha. Meza za kusomea zikahamishiwa jikoni, zikawa za kukatia sukuma wiki. Mlango ukatiwa kufuli ya pili.

Ufunguo nilipewa mimi. Nafundisha Kiswahili, na katika shule zetu mwalimu wa lugha ndiye mkutubi, atake asitake. Mkutubi aliyesomea kazi hiyo ni wa shule kubwa kubwa. Sisi wengine tunapewa ufunguo, rejista na onyo. Onyo langu lilikuwa fupi: kila kitabu humu kina muhuri, na kila muhuri una mtu wa kuulizwa.

Nimekaa kwenye mikutano mingi ambapo watu wazima wanauliza kwa nini vijana wa siku hizi hawasomi. Lawama huenda kwa simu, kisha kwa TikTok, kisha kwa wazazi, kisha chai inakuja. Sijawahi kusikia mtu akitaja kufuli. Na mimi, kwa miaka hii niliyoshika ufunguo, nimeona watoto wachache sana wakikataa kitabu kizuri. Vitabu kunyimwa watoto, hiyo nimeiona kila muhula.

Nyuma ya zile katoni kulikuwa na kabati moja la mbao lenye vitabu vya hadithi. Nilipolifungua mara ya kwanza nilikuta Pacesetters kadhaa zilizoliwa na mchwa, James Hadley Chase mmoja bila jalada, nakala tatu za Siku Njema ya Ken Walibora, Walenisi ya Katama Mkangi, na vitabu teule vya miaka iliyopita ambavyo havikutahiniwa tena, kwa hiyo havikuguswa tena. Chini kabisa kulikuwa na msaada. Wewe uliyesoma Kenya unaujua msaada. Katoni imesafiri baharini, wageni wamepiga picha, nyimbo zimeimbwa, kisha unafungua unakuta mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, juzuu moja ya ensaiklopidia inayoanzia M na kuishia N, na kitabu kizuri chenye picha za rangi kinachofundisha namna ya kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda barafu. Hapa Makueni. Maji yenyewe tunayachimbua kwenye mchanga wa mto.

Kununua vipya si mchezo. Sheria ya VAT ya 2013 iliweka ushuru wa asilimia 16 juu ya vitabu, na riwaya moja ya Kiswahili ikifika dukani inakula pesa ambazo mama wa kijiji anatafuta siku mbili. Kwa hiyo nilielewa hofu ya ofisi. Kitu cha bei, na hakuna pesa ya kukirudisha kikipotea, utakifungia tu. Hata hivyo kitabu cha hadithi kilichofungiwa ni karatasi. Mchwa wa lile kabati walikuwa wasomaji wake waaminifu kuliko sisi sote.

Makarani wangu wa kwanza hawakuja kwa mapenzi ya kusoma. Nilitangaza gwarideni kwamba nahitaji wanafunzi sita wa kusaidia maktaba, na kwamba watasamehewa kupalilia shamba la shule siku ya Jumatano. Wakajitokeza thelathini. Nikachukua sita waliokuwa na miandiko inayosomeka.

Nilitaka kuwafundisha mpango wa Dewey, ule wa kuvipa vitabu nambari, maana ndio niliofundishwa chuoni. Nikawaeleza kwamba fasihi ya Kiingereza inaanzia 820, ina kumi nzima yake. Mmoja akauliza, "Na Kiswahili, madam?" Nikamwambia 896.392. Akaandika, akaitazama ile nambari, akasema, "Ati sisi tuko baada ya nukta?" Wakacheka. Kisha wakaniomba, kwa adabu kabisa, wapange wenyewe. Niliporudi baada ya prepu, rafu zilikuwa na karatasi zilizobandikwa kwa ugali: Za Kulia. Za Kucheka. Za Mapenzi. Za Uoga. Fupi Fupi. Ile ya samaki wa barafu waliiweka peke yake, chini ya karatasi iliyoandikwa Sijui.

Sijazibandua hadi leo. Mtoto mgeni akiingia hajui anataka mwandishi gani, lakini anajua kama leo anataka kulia au kucheka. Tena ule mpangilio ulizua ubishi, na ubishi ndio uliwafanya wasome. Walenisi ilihamishwa mara nne. Kila aliyeimaliza alikuwa na rafu yake, na ili umshinde mwenzako ilibidi nawe uwe umeimaliza.

Halafu ukaja usomaji wa Ijumaa. Dakika ishirini baada ya chakula cha mchana, shule nzima inasoma, kila mtu, chochote isipokuwa kitabu cha kiada. Naibu wa mwalimu mkuu aliona ni kupoteza muda wa silabasi. Tulikubaliana tujaribu muhula mmoja. Nilichong'ang'ania ni kimoja tu: mwalimu asizunguke na kiboko akiangalia nani anasoma, naye akae asome. Mtoto ana macho. Akiona mwalimu wa Fizikia ameinamia hadithi ya mapenzi mpaka kengele inalia hajasikia, huhitaji kumhubiria tena.

Mpishi wetu mkuu alinijia wiki ya tatu. Akasimama mlangoni, akipangusa mikono. "Mwalimu, na sisi wa jikoni? Ama sisi si shule nzima?" Alikuwa ameachia darasa la sita. Nikampa moja ya Fupi Fupi. Baadaye alinieleza kwamba anasoma polepole, ukurasa mmoja akisubiri maharagwe yachemke, na kwamba akirudi nyumbani anawasimulia wajukuu pale alipofika, nao wanamgombeza kwa kutofika mbali. Muhula ulipoisha meza mbili zilirudi maktaba. Hakuna aliyeziagiza. Nilizikuta tu mlangoni asubuhi, zimesuguliwa, zikinuka kitunguu.

Mwaka huohuo shirika fulani lilitutembelea na programu ya kuinua usomaji. Nitasema ukweli, walikuwa watu wazuri, walitupa vitabu arobaini vipya vya Kiswahili na Kiingereza, vya kwetu, vilivyochapishwa hapahapa. Shida ilikuwa fomu. Kila mwanafunzi aliyemaliza kitabu alijaza jina la kitabu, jina la mwandishi, idadi ya kurasa, na "funzo ulilopata". Mwisho wa muhula, mwenye fomu nyingi anapata begi, tochi na cheti.

Ndani ya wiki mbili Fupi Fupi zote zilikuwa zimeisha kwenye rafu. Watoto walisoma jalada la nyuma, wakanakiliana majina, na funzo likawa moja nchi nzima: tutie bidii masomoni. Mvulana mmoja alijaza fomu ya kitabu cha samaki wa barafu. Funzo: bidii hulipa. Aliibuka wa pili. Sikumlaumu, tochi ni tochi, na kwao hakuna stima.

Aliyeniuma ni msichana mmoja wa kidato cha pili, mkimya, wa bweni. Alisoma Siku Njema mara tano muhula huo. Mara tano, safari ileile ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga akimtafuta babake. Fomu haikuruhusu kurudia kitabu, kwa hiyo kwenye hesabu ya mwisho alikuwa na kitabu kimoja, akawekwa kundi la wasomaji wanaohitaji msaada. Yeye mwenyewe alipoona orodha alitabasamu. "Ni sawa, madam. Hawajui." Babake sikuwahi kuuliza alikuwa wapi. Kuna maswali mwalimu wa Kiswahili hujifunza kuyaacha kwenye kitabu.

Shirika liliondoka na takwimu zake. Sisi tukabaki na vitabu arobaini na desturi ambayo sijui aliianzisha nani. Ukifungua karatasi tupu ya mwisho ya kitabu chochote kwenye lile kabati, utakuta maandishi ya penseli. "Usianze hii usiku." "Huyu mwandishi ananijua?" "Mwisho umenikasirisha, nitarudi." "Ruka ukurasa wa 40 kama mamako ni mgonjwa." Ofisi ingeita hiyo ni kuharibu mali ya shule. Mimi niliongeza penseli.

Jumapili ya Machi 15, 2020, Rais akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Wa kutwa wasije tena, wa bweni wawe wameondoka kufikia Jumatano. Unakumbuka siku hizo. Watoto walifunga masanduku wakiimba, wakidhani ni likizo ya wiki tatu. Mimi nilikaa maktaba na makarani wangu, nikatazama kabati. Rejista ilisema hakuna kitabu kuondoka shuleni wakati wa likizo. Nikafungua kufuli zote mbili. Nikawaambia wawaite wenzao, kila mtu achukue kimoja, waandike jina na kijiji. Hata wa kutwa waliokuja kuchukua madaftari yao Jumatatu walipita. Kufikia Jumanne jioni lilibaki lile la samaki, na juzuu ya M hadi N.

Mwenzangu mmoja wa idara ya lugha alinishika mkono nje ya ofisi. "Dada, hivyo vitabu umeviaga?"

Nilimjibu kwamba tangu 1996 Shirika la Maktaba la Kitaifa limekuwa likibebesha ngamia vitabu huko Garissa kuwafuata watu walipo. Sisi wasomaji wametujia wenyewe kwa miguu, tena wanaondoka sasa hivi na sanduku lenye nafasi. Akasema ngamia ana mchungaji. Hilo sikuwa na jibu lake.

Wiki tatu zikawa miezi. Mwezi wa Aprili mwaka huo Ken Walibora alifariki Nairobi, akagongwa na matatu. Nilipata habari redioni, na kabla sijaketi simu ikalia. Ujumbe kutoka nambari nisiyoijua, Kiswahili sanifu kabisa, bila kifupisho hata kimoja: "Mwalimu, shikamoo. Ni kweli kwamba aliyeandika Siku Njema ameaga dunia? Mimi bado ninayo. Nimemsomea mama hadi sura ya tatu." Ni yule msichana. Alikuwa ameomba simu ya jirani. Nikampigia, tukazungumza mpaka salio likaisha, na sehemu kubwa ya mazungumzo yale ilikuwa kimya.

Kidato cha nne walirudi Oktoba, wengine Januari 2021. Sitakupa hesabu kamili ya vitabu vilivyorudi, maana nilishaitoa mara nyingi kwa watu waliotaka hiyo tu. Zaidi ya nusu vilirudi. Vingine vilirudi na mafuta ya taa, kimoja na alama ya meno ya mbuzi. Vingine havikurudi kwa sababu watoto wenyewe hawakurudi. Wawili walikuwa wameolewa, kadhaa walikuwa wakichimba mchanga mtoni au wakiuza maembe barabarani Emali, na hapo ndipo lile neno "kupotea" kwenye rejista lilianza kunichoma. Rejista ya shule ina nguzo mbili tu: kimerudi, kimepotea. Msichana wa Siku Njema alirudi mikono mitupu. Alinieleza kwamba mamake amekipeleka sokoni anakouza nguo, anasoma wateja wasipokuwepo, na wauzaji wenzake wanamwambia asome kwa sauti. "Nikimnyang'anya, madam, soko lote litanigombeza." Sasa hicho nitaandika kimepotea? Nilichora nguzo ya tatu kwa rula. Nikaiandika Kimeenda.

Katika shule zetu mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne anazunguka na fomu, ile wanaiita kliarensi. Inasainiwa na mwalimu wa michezo, wa maabara, wa bweni, wa maktaba, kisha mhasibu. Bila saini zote, cheti cha KCSE kinabaki kwenye kabati la chuma. Wizara imetangaza zaidi ya mara moja kwamba hakuna shule inayoruhusiwa kuzuia cheti kwa sababu ya deni. Nenda kaulize kwenye ofisi za shule ni vyeti vingapi viko ndani ya makabati hayo. Vingine vimezuiwa na karo ya maelfu, na hilo ni vita kubwa kuliko mimi. Vingine vimezuiwa na kitabu kimoja cha hadithi.

Kijana mmoja aliyefanya mtihani Machi 2021 alirudi mwaka uliofuata. Anaendesha boda. Usajili wa makurutu ulikuwa umetangazwa na walitaka vyeti halisi, si nakala. Karo alikuwa amemaliza, mamake aliuza ng'ombe. Fomu yake ilikuwa na shimo moja tu: maktaba. Aliazima nakala ya pili ya Siku Njema ile Machi ya korona. Mhasibu alimwambia alete kitabu kipya au pesa yake na faini, pesa aliyokuwa ameiweka ya nauli na ya kulala mjini usiku wa kuamkia usajili. Alinikuta darasani, kofia ya pikipiki mkononi.

"Madam, hakijapotea. Kiko steji."

"Steji gani?"

"Yetu. Tunakiweka chini ya kiti cha pikipiki, mtu akikosa abiria anachukua. Sasa hivi kuna mzee wa mirungi anakimalizia. Nilitaka kumpokonya nikuletee, lakini amebakisha kidogo."

Nilitembea naye hadi ofisini. Sitamtaja niliyejadiliana naye wala cheo chake. Hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu: nikimsamehe huyu, kila mtu atakuja na hadithi ya mzee wa mirungi, na kabati litaisha. Tena mkaguzi akija hatauliza nani alisoma, atauliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia nitamjibu mkaguzi mimi. Akaniuliza kama naelewa maana ya hilo. Nikasema naelewa, ni saini yangu. Nikaandika kwenye ile nafasi ya maktaba: Kimeenda, hana deni. Kijana akatoka na bahasha ya kaki, hakunishukuru vizuri, alikuwa na haraka. Baadaye nilisikia hakuchukuliwa jeshini, meno yalimkataa. Cheti anacho lakini, na mwaka jana kilimwingiza chuo cha ufundi.

Mkaguzi alikuja kweli. Mtu mpole, miwani kwenye kamba. Alipita kwenye vitabu vya kiada, vyote vipo, akaniambia hongera. Akafika nguzo ya tatu. Akauliza hii Kimeenda ni istilahi ya nani. Nikamwonyesha daftari lingine tunaloandika, na makarani, kila tunapopata habari: soko la Emali, kwa mama fulani. Steji. Jikoni, kwa mpishi, amehamisha kwa dada yake Kibwezi. Hospitali, wodi ya akina mama. Hatujui. Akasoma kurasa tatu nzima. Kisha akaandika kwenye ripoti yake kwamba vitabu hivyo haviwezi kuthibitishwa, kwa sababu haviwezi, na kwamba mwalimu husika atoe maelezo kwa maandishi. Akiondoka aliuliza kama kuna nakala ya ziada ya Walenisi. Haikuwepo.

Nilitoa maelezo yangu. Bodi ya shule ikaafikiana jambo lililonipa ushindi mkono mmoja na kunipokonya kwa mwingine. Vitabu vya hadithi vimeondolewa kwenye kliarensi, hakuna mtoto atakayezuiwa cheti kwa ajili yake. Na kwa kuwa si mali inayoweza kulindwa, shule haitatenga pesa ya kuvinunua. Kinachoondoka kimeondoka. Ninanunua kimoja kimoja mwisho wa mwezi, mwalimu wa Fizikia naye huleta, na wanafunzi wa zamani wawili watatu wametuma. Kabati linapungua kwa kasi kuliko tunavyolijaza, na makarani wa sasa wamepiga hesabu, wamenibandikia mlangoni: tukiendelea hivi, miaka minne. Sijaibandua hiyo pia.

Siku Njema zilikuwa tatu. Imebaki moja, haina jalada, imeshonwa kwa uzi wa gunia, na karatasi yake ya mwisho imejaa penseli hadi ikabidi tugundishe nyingine. Ina foleni ya watu kumi na mmoja. Wa kwanza ni askari wetu wa lango la usiku, na ameshaniambia mapema, ili tusije tukalaumiana, kwamba hatairudisha kabla mke wake hajaimaliza.